Siku Niliyokaa Mbele ya Chungu cha Chumvi

Mama,

Kidonda kimefunga. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonishikisha kalamu. Salamu za kuulizana hali nimeziruka: yako siwezi kuiuliza, na yangu nitakueleza mpaka uchoke. Kidonda cha mguu wangu wa kushoto, pale juu ya kifundo upande wa ndani, mahali pale pale palipokuwa na chako, kimefunga. Ngozi imerudi. Ni nyembamba bado, tena nyeusi kidogo, lakini ni ngozi. Jana niliibonyeza kwa kidole mara nne nzima, nikacheka peke yangu jikoni mpaka baba Rebeka akaja kuchungulia kulikoni.

Sijui kama huko uliko mnasomewa barua. Kama mnasomewa, mwambie anayekusomea apaze sauti, maana masikio yako yalikuwa mazito, na ulikuwa na tabia ya kuitikia "ehe, ehe" hata pale ulipokuwa hujasikia kitu. Safari hii usinidanganye. Sikia yote.

Ulikufa hujui kwamba na mimi ninayo miguu yako. Nilikuficha. Wewe ulikuwa Ivuna, mimi huku Mbozi kwa mume na kahawa yake, tukionana mara moja kwa mwaka wakati wa kiangazi, na hata siku hizo nilivaa kaniki mpaka chini. Tulikaa juu ya mkeka mmoja, mama na binti, kila mtu amefunika miguu yake, tukaongea habari za mahindi! Sasa ile nayo ilikuwa akili, Mama?

Lakini nataka kwanza turudi kwenye siku ile ya chungu. Hatukuwahi kuitaja, si wewe wala mimi, ila unaijua vizuri kuliko mtu yeyote.

Nilikuwa na miaka tisa hivi. Kilikuwa kiangazi, tumeshuka kwenye chemchemi za chumvi kama kila mwaka, wewe na dada yako, Mama Mkubwa Lea, pamoja na wanawake wengine wa kwetu. Kazi ilikuwa ile ile ya siku zote: kukwangua udongo wa chumvi, kuuweka kwenye vyungu vilivyotobolewa chini, kumimina maji, kukinga yanayochuruzika, halafu kuyachemsha tangu asubuhi mpaka yakauke na chumvi ibaki. Na sharti lilikuwa lile lile. Chungu kikiwa motoni, hakuna kukaa. Mpika chumvi anasimama. Ainame, achochee kuni, aegemee fimbo akitaka, lakini asiketi mpaka chungu kiepuliwe. Mlisema chumvi haitaki dharau, ikikuona umekaa inakataa kuganda. Nilikuona ukisimama na mimba ya mdogo wangu tumbo limefika mbele, nikakuona ukisimama na homa. Siku moja ulisinzia umesimama, ukashtuka fimbo ilipoteleza, wenzako wakacheka na wewe ukacheka nao.

Basi siku ile ulikwenda kutafuta kuni ukaniachia chungu. "Simama hapa mwanangu, usikiache." Nikasimama. Jua la Ivuna unalijua wewe. Nikasimama mpaka magoti yakaanza kutetemeka, nikatazama huku, nikatazama kule, nikakaa juu ya jiwe. Haukupita muda wa kumenya karanga kumi, chungu kikapasuka. Tii! Maji yote motoni, moshi na mvuke, wanawake wanapiga kelele. Wewe ukaja mbio na mzigo wako wa kuni kichwani, ukautupa chini, na ukuni mmoja ukakuchoma pale juu ya kifundo. Damu ikaruka. Sikuwa nimewahi kuona damu ikitoka kwa mtu namna ile, nyeusi, kama imesukumwa. Wanawake wawili wakakushika kwapani wakakusimamisha, ati ukilala utakufa. Damu ikazidi. Mama Mkubwa Lea akakufunga kamba chini ya goti, akafunga tena na kanga, ikachukua muda mrefu sana kukata.

Halafu akanigeukia. "Ni huyu. Alikaa. Kosa la mtoto limeingia mguuni kwa mama yake."

Na wewe ulinitazama, Mama, hukusema kitu.

Siku zile nilingoja useme. Ulipokaa ndani kidonda kinauma nilingoja. Nilikuletea maji ya kuoshea mguu, nikakupepea nzi, nikajifunza kusaga majani ya kubandika, yote nikingoja useme tu, "Si wewe, Eliza." Hukusema. Nikaelewa kama mtoto anavyoelewa: kumbe ni mimi.

Kidonda chako kikakaa miaka yote. Kinafunga wakati wa mvua, kiangazi kikija na chumvi kinafunguka tena. Mishipa ya mguu ule ikawa imejipindapinda kutoka kifundoni mpaka nyuma ya goti, mingine minene kama kidole. Wewe ukaongeza vikuku vya waya wa shaba chini ya goti, kimoja juu ya kingine, vimebana mpaka vimezama kwenye nyama. Watu wa mbali walidhani ni pambo. Sisi wa nyumbani tulijua: ni kinga, ili nyoka wa mguuni, ndiyo ile mishipa, asipande mpaka kwenye moyo. Hivyo ndivyo tulivyoamini wote, hata sisi tuliobatizwa, maana Jumapili tuliimba vizuri sana na Jumatatu tunabana waya.

Ulipokufa haukuwa mguu, ilikuwa kichomi, kwenye mvua zile kubwa zilizokatisha njia ya mteremkoni. Nilifika siku ya tatu, wamekwisha kuzika. Nikasimama kaburini nikataka kukuomba radhi, lakini Mama Mkubwa Lea alikuwa ubavuni kwangu ananishika mkono, nikashindwa. Nilirudi Mbozi na deni hilo kifuani.

Sasa sikia yaliyonipata mimi.

Baada ya kumzaa Rebeka niliona vijistari vya bluu nyuma ya goti, nikasema ni uchovu. Baada ya mtoto wa pili vikawa kamba. Baada ya wa tatu, mshipa mmoja ukajitokeza muundini, na jioni mguu unakuwa mzito kama si wangu, unawasha, unawaka moto, kifundo kimevimba mpaka ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Na kazi ya kahawa nayo, Mama, ni kusimama tu: kuchuma umesimama, kuchambua kwenye meza za kuanikia umesimama. Nikafanya ulivyofanya wewe. Nikachana utepe wa kaniki nikajibana chini ya goti, kwa nguvu zangu zote. Nilipokuwa najifunga nilikuwa nasema moyoni, haya, kosa limerudi kwa mwenyewe.

Kisha nikajikuna usiku mmoja, na asubuhi kikatoka kidonda. Mahali pale pale. Sikulia hata. Niliona ni haki.

Kilichonivunja ni Rebeka. Amekuwa mama mzima sasa, ameolewa jirani tu hapa kilimani. Alikuja na mimba ya kwanza, akakaa kizingitini kupumzika, kanga ikapanda kidogo, na mimi nikaona. Nyuma ya goti. Vijistari vya bluu. Nikaangusha ungo wa maharage. Mimi na wewe sawa, tulikosa au tulikoseana, sijui, lakini yule amekosa nini? Nikaingia ndani nikalia mpaka akanifuata, akanifunua mguu kwa nguvu, akaona utepe na kidonda, akapiga kelele zilizofika shambani. Kesho yake alinitangulia njia nzima mpaka dispensari iliyo njia ya Mlowo, tumbo mbele, mimi nachechemea nyuma kama ng'ombe anayepelekwa mnadani.

Tabibu pale ni Mnyiha, anaitwa Andrea. Mdogo kwa umri, mdomo mkubwa. Alitazama mguu, akaona alama ya utepe ilivyojichora, akaniuliza, "Mama, huyu nyoka umemfungia mlango wa juu?" Nikashtuka kwamba anajua. Akacheka. "Mama yangu naye alivaa waya. Wamama wote wa huku mnakaba mahali panapotakiwa paachwe wazi." Akachukua mkasi akaukata ule utepe, akautupa.

Nikamwambia anieleze sawasawa au arudishe utepe wangu. Unanijua. Basi akasema nirudi Jumamosi, kuna ng'ombe atachinjwa sokoni.

Jumamosi akanunua mguu wa ng'ombe, Mama, mbele ya watu, akanikalisha kwenye gogo nyuma ya duka la nyama. Akachimbua mshipa mmoja mrefu kwa kisu, akaukata ncha zote mbili, akauosha. Akamimina maji kutoka upande wa kwatoni: yakapita yote, yakatokea upande wa pili. Akaugeuza akamimina kutoka juu kushuka chini: yakagoma. Mshipa ukatuna, maji yamesimama ndani. Nikamwambia umeuziba kwa kidole. Akanipa mwenyewe nimimine. Yakagoma. Kisha akaupasua kwa urefu, akanionyesha. Ndani kuna vimilango vidogo, vyepesi kama utando wa yai, viwili viwili, vinafunguka kwenda juu tu. Damu inayorudi moyoni inapanda kwa hivyo, ngazi kwa ngazi, na inasukumwa na shavu la mguu kila mtu anapotembea. Ukisimama tu bila kutembea, siku nzima, mwaka baada ya mwaka, damu inarundikana chini, mshipa unatanuka, vimilango havifikiani tena, damu inarudi chini na kuvimbisha. Mimba inazidisha. Na wengine, akasema, wanazaliwa na vimilango dhaifu, mama kwa binti. "Hakuna nyoka. Hakuna kosa. Ni mlango tu haufungi."

Na kubana chini ya goti ni kuzuia damu isirudi inakotakiwa kurudi. Ile waya yako, Mama. Zile juhudi zetu zote.

Nilimuuliza dawa. Akahesabu kwa vidole vyenye damu ya ng'ombe: nitembee kila siku, nisisimame mahali pamoja, na kila baada ya muda niketi, mguu juu, juu kuliko moyo nikilala chali. Akasema, "Dawa yako kubwa ni kukaa."

Mama, nililia pale sokoni. Watu wanapita na nyama zao wananitazama. Tabibu wa watu akadhani amenitia kinyaa na ule mshipa, akaanza kuufunika na jani la mgomba. Nikamweleza habari ya chungu, mara ya kwanza kumweleza mtu yeyote duniani. Alinisikiliza mpaka mwisho, bila mzaha. Akaniambia wale wanawake waliokusimamisha walikuwa wanakumwaga damu. Damu ya mshipa ule ikitoka, mtu analazwa chini, mguu unainuliwa, unakandamizwa kwa kitambaa safi, basi, inakata upesi. Halafu akasema neno lililoniweka macho wiki nzima: mshipa hauvimbi kwa siku moja. Mshipa unaotoa damu namna ile umekwisha kuwa mbovu siku nyingi.

Siku nyingi? Mimi nilijua mguu wako uliharibika siku ile. Nani angenijibu? Wewe hupo. Kaburi nalo halisemi. Aliyebaki ni Mama Mkubwa Lea.

Lakini tabibu akakataa nisisafiri mpaka kidonda kitulie. Basi nikaanza matibabu. Asubuhi, kabla sijashuka kitandani, mguu ukiwa bado mwembamba, nafunga bendeji kuanzia penye vidole kupanda mpaka chini ya goti, chini inabana zaidi na juu inalegea, kinyume kabisa cha ile waya. Vidole vikibadilika rangi nafungua naanza upya. Alikuwa na bendeji moja tu ya kunipa, ile inayovutika. Ya pili aliniletea shemeji yangu anayefanya kazi kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, akapita nayo Tunduma ndani ya soksi zake, sijui alidhani ni mali ya magendo! Kidonda naosha kwa maji yaliyochemshwa na kutiwa chumvi kidogo, yakapoa. Ndiyo, chumvi ya Ivuna. Nilikuwa nacheka na kulia kila nikiitia. Majani nimeacha, na kukuna nimeacha. Pakiwasha napaka mafuta pembeni.

Na kukaa. Lo! Kujifunza kukaa ni kazi kuliko kujifunza kusoma. Nilikuwa nalala chali mchana, miguu juu ya gunia la kahawa, nasikia aibu kama mwizi. Mke wa mzee wa kanisa alikuja akanikuta hivyo akasema, "Mama Rebeka umekuwa bibi harusi?" Nikamwambia kaa na wewe ulale hapo, tuwe wawili. Akakataa, akaondoka ananung'unika. Wiki iliyofuata alirudi jioni, peke yake, akainua gauni lake nusu ya muundi, akauliza kama lile gunia lina nafasi. Hahaha! Mama, wako wengi. Tumefunikana tu.

Miezi minne kidonda kikawa kimebaki kama punje ya mahindi. Tabibu akaniruhusu. "Kutembea ni dawa, ila pumzika njiani, na ukifika usisimame." Rebeka alitaka kuja nikamkatalia, mimba ilikuwa miezi minane. Nikapanda lori la mnunuzi wa mazao mpaka lilipoishia, kisha nikashuka mteremko kwa miguu yangu mwenyewe, siku mbili, nikitembea na kulala chali kivulini, watu wakinipita na kunipa pole wakidhani nimezimia.

Nilimkuta Mama Mkubwa Lea kwenye chemchemi. Amezeeka, Mama. Ameinama. Lakini amesimama mbele ya chungu na fimbo yake, na miguu yake, laiti ungeiona, ni yako. Yote miwili. Ile ile kamba, ule ule weusi kwenye kifundo, waya juu. Tukakumbatiana. Akanipa ukuni nichochee moto.

Nikachochea kidogo. Mguu ukaanza kuvuta. Nikamwambia, Mama Mkubwa, mimi nakaa. Akasema chungu kipo motoni. Nikasema nakiona. Nikachukua mzigo wa kuni, nikaketi chini, nikaweka mguu juu yake.

Mama we! Kelele zilizotokea pale sijui kama hazikufika huko uliko. Mmoja akasema atahamisha chungu chake. Mwingine akasema mimi ndiye yule yule mtoto wa zamani, nimerudi kumalizia. Hilo lilinichoma, sitakuficha. Nikatazama chungu kile nikakiomba, ndiyo, nilikiomba chungu, kisipasuke. Hakikupasuka. Kilichemka mpaka kikakauka na chumvi ikakaa nyeupe, ya kawaida, kama ya jirani. Wale wanawake wakasogea. Waliifinya, wakaionja, wakaendelea na kazi zao.

Asubuhi iliyofuata Mama Mkubwa Lea akanipeleka kwenye kaburi lako. Tukang'oa majani. Nikamuuliza mbele yako: mguu wa mama ulianza lini?

Akakung'uta udongo mikononi. Kisha akasema, "Ulianza na mimba yako."

Kabla sijazaliwa, Mama. Akasema mishipa ilitoka ukiwa na mimi tumboni, ukaivalia waya, na kwamba ulishatoka damu mara moja kabla, ukiwa nyumbani, ukaificha na jivu. Nyinyi wawili tu mlijua. Kwa sababu siku zile mpika chumvi mwenye mguu mbaya alihesabiwa amevunja masharti, anafukuzwa chemchemini, na baba alikuwa amekwisha kufariki, na chumvi ndiyo iliyotulisha. Damu iliporuka mbele za watu, ilitakiwa sababu ya siku hiyo hiyo. Akasema, "Nilitafuta sababu, nikakuona umekaa. Mama yako alinielewa." Akasema, "Alilia usiku ule. Alitaka kukuambia ukikua. Kisha ukaolewa mbali."

Nilikasirika, Mama. Nakuambia wazi, maana wewe huwezi kunipiga kofi tena. Nilimwacha pale pale nikaenda kukaa peke yangu kando ya maji, na siku mbili sikusema na mtu. Mtoto wa miaka tisa! Mlinitwisha! Nilikuoshea mguu ule, nikakusagia majani, na wewe unajua, unajua kabisa, na unaniacha niinamishe kichwa. Hata kwa kuninong'oneza tu, Mama. Ningeitunza siri. Mbona ya miguu yangu nimeitunza miaka yote.

Siku ya tatu hasira ikaisha yenyewe, kama homa inavyoisha, umelowa jasho na una njaa. Nilifikiri habari ya mwanamke mjane, watoto watatu, mguu unamtoka damu, na watu wote wanamtazama wanangoja sababu. Mimi ningefanyaje? Sijui. Pengine ningekaa kimya kama wewe. Na kilichobaki baada ya hasira kilikuwa chepesi, Mama, chepesi mno, sijawahi kutembea nikiwa mwepesi hivyo. Sikukuharibu mguu. Nilikuwa mtoto niliyechoka nikakaa.

Nilikaa Ivuna wiki mbili. Mama Mkubwa Lea alikataa kukata waya siku tano. Siku ya sita akanipa mguu. Nikazikata moja moja kwa koleo ya fundi baiskeli, nikamfunga ile bendeji yangu ya pili, nikamfundisha kuanzia penye vidole. Amekuwa mkali kwa wenzake sasa, anawafokea wakisimama kutwa. Wengine wamekubali kukaa kwa zamu, mmoja anachochea wenzake wameketi. Wengine wamehamia chemchemi ya mbali ili tusiwaharibie. Waache, watakuja.

Mishipa yangu haijaondoka, usidhani ni muujiza. Ipo, imelala tu. Tabibu anasema ikizidi kuna sindano kwenye hospitali kubwa ya kuikausha, na hata upasuaji, lakini kwa sasa naitawala. Kila jioni natazama. Shavu la mguu likivimba ghafla upande mmoja, likawa la moto na kuuma, nikimbie kwake siku hiyo hiyo, huenda damu imeganda ndani. Hilo nimemwambia na Rebeka alishike kama Baba Yetu, maana baada ya kujifungua ndipo hatari hiyo huja.

Amejifungua salama. Msichana. Nilifika nikamkuta kalazwa, miguu juu ya mto, anatembezwa uani asubuhi na jioni, na mama mkwe wake analalamika kwamba siku hizi wazazi wanatembezwa kama mbuzi. Vijistari vyake vimefifia. Vingine vimebaki.

Nimemweleza yote. Habari ya chungu, ya ukimya wako, ya hofu yako, ya hasira yangu kando ya maji. Akaniuliza kama nimekusamehe. Nikamwambia nitamjibu nikimaliza kuandika barua hii.

Nimekusamehe, Mama. Na mimi unisamehe kukuficha miguu yangu juu ya ule mkeka. Tungeonyeshana tungecheka.

Nakuahidi hivi. Mjukuu wa mwanao akikua, na kama siku moja ataniletea mguu wake wenye mistari ya bluu na kuniuliza amefanya nini, nitamjibu siku hiyo hiyo, kabla hajamaliza kuuliza: hujafanya kitu, mjukuu wangu, ni miguu ya kwetu, njoo nikufunge. Sitamngojesha hata usiku mmoja.

Kwaheri, Mama. Lala. Huko hakuna wa kukuambia simama.

Mwanao,
Eliza